Mwaka Mama Alipooa

Mama yangu alioa mke mwaka uleule niliotoka chuo cha ualimu. Nasema alioa, sijakosea. Sisi Wakamba tunalo jambo hilo na tunaliita iweto: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hupeleka mbuzi kwa watu, akaleta msichana nyumbani, naye pia huitwa iweto, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo huwa wa nyumba ile, kwa jina la mzee wa nyumba ile, hata kama mzee mwenyewe yuko kaburini. Nililijua tangu utotoni. Ng'ambo ya kilima chetu kulikuwa na nyumba za namna hiyo na hakuna aliyezishangaa. Lakini jambo likiwa la jirani ni desturi. Likiingia kwenu ni moto.

Nilirudi Kilungu na sanduku la mbao na cheti, nikidhani napita tu nikingoja kupangiwa shule. Baba alikuwa amefariki nikiwa katikati ya masomo. Dada zangu wawili walikwisha kuolewa mbali. Mama nilimkuta kitandani: aliteleza na mtungi kwenye mteremko wa kijito, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Na shambani nilimkuta baba mdogo, ndugu yake baba, akitembea polepole na fimbo, akigusa migomba yetu mmoja mmoja kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Karibu mwalimu," akaniambia. "Pole na mama. Sisi tuko hapa, tunaangalia-angalia tu."

Kuangalia-angalia kwake kulinitia baridi. Nikavua viatu vya chuo siku hiyohiyo, nikachukua jembe.

Shamba letu lilikuwa refu na jembamba, limening'inia kwenye mteremko. Juu ni mawe, na mahindi yanayotegemea huruma ya mvua. Chini kabisa, kando ya kijito, udongo hukaa na unyevu hata kiangazi, na huko ndiko kulikokuwa na migomba, miwa, nduma, na michungwa aliyopanda baba. Mwaka wa njaa kipande hicho cha chini ndicho kilichotulisha. Ukikitoa, unabaki na mawe na mahali pazuri pa kutazamia barabara ya Mombasa.

Chuoni walikuwa wamenifundisha nyimbo za watoto na namna ya kusimama mbele ya ubao. Hawakunifundisha kukamua mbuzi anayekuchukia. Nilijifunza. Nilipalilia, nilibeba samadi kwa kiondo, nilimgeuza mama kitandani asubuhi na jioni, na usiku nililala kama gogo. Kijana tuliyesoma naye, ambaye kwao ni Kitui, alikuja kunitembelea mara moja. Alitazama viganja vyangu, akacheka, kisha akaacha kucheka. Tulikuwa tumekubaliana tuoane tukishapata kazi. Mama hakumwitikia salamu yake.

Mvua za kwanza zilipokuja niliona udongo wa kule chini ukisombwa na kijito, mwekundu kama damu, na hasira ilinipanda. Nikaita mwethya. Mwethya ni kundi la akina mama wa kijiji wanaolima pamoja, leo kwako, kesho kwa mwenzako. Walikuja na majembe na nyimbo. Tukachimba mtaro kando ya kijito, kutoka upande mmoja wa shamba hadi wa pili, tukirusha udongo juu kutengeneza tuta, na walivyokuwa wakishindana kwa wimbo, udongo uliruka hata ukafunika mstari wa mkonge wa zamani uliokuwa hapo pembeni. Hakuna aliyejali. Mkonge ni nini? Uko kila mahali.

Desturi ya mwethya ni wazi. Mwenye shamba hapigi hesabu ya jembe la mtu. Hupika, akapakua, na yeye mwenyewe hali kitu hapo mpaka wa mwisho aondoke. Wanaokula ni wale waliokuja kusaidia. Nilikuwa nimepika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa mpaka ganda likatoka, pamoja na mbaazi. Nikapakua palepale juu ya tuta jipya. Baba mdogo alitokea wakati wa kula, kama kawaida ya wanaume wa aina yake. Alichukua jembe la mtu, akapiga udongo kidogo ili tumwone, kisha akaketi na bakuli.

"Huyu msichana anajua chumvi," akawaambia akina mama. "Ongeza kidogo, mwalimu."

Nikamwongeza. Nilifurahi hata. Mpishi ni mpishi.

Muda si muda ikaja habari kwamba kamati ya kupima mashamba imefika Kasikeu na inapanda huku kwetu. Kila mtu angeonyesha mpaka wake mbele ya wazee, wapimaji wangeweka alama, na baada ya hapo shamba lingeandikwa jina la mwenyewe serikalini, basi, hakuna tena maneno. Kijiji kizima kilishikwa na wazimu. Ndugu waliacha kusalimiana. Watu walionekana alfajiri wakipanda mkonge mahali ambapo mkonge haujawahi kuwa.

Baba mdogo alikuja akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama, kofia magotini.

"Mama wa watoto," akasema kwa upole, "hawa watoto wako wote ni wa kwenda. Kaka yangu hakuacha kijana. Kamati ikiuliza, nitasema shamba la juu mkae nalo mpaka Mungu akuite. Lakini lile la kijito ni letu tangu babu. Hata mpaka mnaona hakuna."

Mpaka hakuna! Mstari wa mkonge, ule wa mpaka, ulikuwa chini ya tuta letu, umezikwa kwa nyimbo. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi.

Alipoondoka, mama alitazama paa kwa muda mrefu.

"Utakaa?" akaniuliza.

"Kukaa vipi?"

"Ukae hapa. Usiolewe. Uzae hapa nyumbani, mtoto awe wa baba yako. Wako wasichana wamefanya hivyo na hawakufa."

"Mwaitu," nikasema, kama tunavyomwita mama kwetu, "mimi ni mwalimu. Nina mtu."

"Najua una mtu, nilimwona. Basi nitaoa." Akasema kama anayesema atanunua jembe. "Ukae au nioe. Chagua."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hayo ni mambo ya zamani, kwamba msichana wa watu si ng'ombe wa kuletwa kuzaa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa niambie ni nani atasimama kwa kijito mbele ya wale wazee. Chaki yako?"

Nilitaka kijana wangu, nilitaka darasa langu, na nilitaka lile tuta. Nilivitaka vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini kaka zangu, kama ningekuwa nao, wangevipata vyote bila kuulizwa. Lakini sikuchagua kukaa. Kwa hiyo mama akaoa.

Mbuzi wa ntheo, wale wanaopelekwa ili msichana ajulikane kuwa wa nyumba fulani, lazima watoke kwa mkono wa nyumba hiyo. Mama alikuwa hawezi kutembea, na mkono uliobaki ulikuwa wangu. Kwa hiyo nilishika kamba, mimi mwenye cheti, nikawavuta mbuzi kutoka Kilungu hadi milima ya Mbooni kumposea mama yangu mke. Mzee jirani alifuatana nami kuwa msemaji. Njiani mmoja wa mbuzi aliketi katikati ya njia akakataa katakata, na nilimwelewa kabisa.

Tulipofika, baba yake msichana alitutazama, akawatazama mbuzi.

"Na bwana arusi yuko wapi?"

"Bwana arusi amelala," mzee jirani akajibu bila kutikisika. "Nyonga inamsumbua."

Watu wakacheka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Msichana mwenyewe hakucheka. Alikuwa rika langu, mfupi, mwenye mabega ya kazi. Alikuwa ametolewa shule mapema ili wadogo zake wa kiume wasome. Alitazama viatu vyangu, kisha akanitazama mimi usoni, sawasawa, bila woga wala urafiki.

Siku alipofika kwetu alihamisha mafiga. Nilitoka kuchota maji nikakuta mawe ya jikoni yamehamia upande wa pili, moto unawaka, uji unachemka. Nikangoja moto ufe, nikayarudisha. Kesho yake akayahamisha tena. Hatukusemezana. Tuliendelea hivyo mpaka mama akapaza sauti kutoka chumbani.

"Acheni hayo mawe! Wewe mwalimu, huyo ni mama yako mdogo. Mwite hivyo."

Sikumwita hivyo. Nilimwita "wewe". Nitamwitaje mama mtu ambaye tungekaa dawati moja? Na yeye, ama kwa ujeuri ama kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, alianza kuniita "mtoto wetu". Mtoto wetu, lete kuni. Mtoto wetu, mbuzi amekata kamba. Kila aliposema hivyo nilihisi kofi.

Juu ya nani angempa watoto, hakuna aliyeuliza. Desturi ina macho na pia ina kope. Baada ya mavuno tumbo lake lilianza kuonekana, na mama akaanza kuketi kitandani na kula vizuri.

Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Niliitwa ofisi ya elimu nikaambiwa nimepangiwa shule upande wa Kitui, si mbali na kwao kijana wangu, niripoti muhula ukifunguliwa. Na kamati ikatangaza kwamba itafika kwetu wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mwenyekiti wake, mzee mkavu mwenye koti la kijeshi, alipita nyumba kwa nyumba akieleza sheria zake. Anayedai shamba atatembea mpaka kwa miguu yake na kuuonyesha kwa kinywa chake.

"Nami nitaonyesha," nikasema haraka. "Mimi ndiye ninayelima."

"Binti wa kuolewa hasemi kwenye mpaka," akanijibu bila ukali. "Ukifungua mdomo, huyo baba yako mdogo atasema shamba linataka kwenda Kitui na mkwe. Na nitalazimika kumsikiza."

Mama hawezi kutembea. Mimi siwezi kusema. Akabaki mke wa mama.

Basi nikamfundisha. Kila alasiri, kazi ikiisha, tulishuka pamoja kutoka juu mpaka kijitoni, mimi mbele, yeye nyuma na tumbo lake, akishika matawi asiteleze. Jiwe jeupe lenye ufa, ndio mwanzo. Mti uliopigwa na radi. Kichuguu. Halafu mteremko, halafu tuta la chini, na mkonge uliolala ndani ya udongo hapa, hapa na hapa. Alirudia kila kitu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na akikosea anarudi mwanzo bila kuambiwa. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kupata baadaye, na jambo hilo lilizidi kuniudhi.

Niliona uchungu, sitaki kuupamba. Kila mti niliomwonyesha ulitoka kwangu ukaenda kwake. Nilikuwa naliokoa shamba kwa kuligawa, na hakukuwa na njia nyingine ya kuliokoa. Kwenye michungwa ya baba nilisimama nikashika shina. Yeye akageuka akatazama kijito mpaka nikawa sawa.

Ili asisahau, nilimsimulia kila kitu kilichotokea mahali: hapa mama alianguka, hapa nyoka alitutimua. Tulipofika kwenye tuta nikamsimulia mwethya, nyimbo, na yule baba mdogo na bakuli lake.

"Alikula?" akauliza.

"Akaongezewa. Akasifu chumvi."

Aliliangalia tuta kutoka mwanzo hadi mwisho. "Haya, tuendelee," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali na watu wengi. Mama alibebwa kwenye kiti mpaka jiwe jeupe, akaketi hapo akiwa amejifunga kitenge chake kizuri. Baba mdogo alikuja na wanawe, wamevaa mashati meupe. Akina mama wa mwethya walisimama pembeni, wakijifanya wanapita tu.

"Nyumba hii ina mwanamume?" mwenyekiti akauliza, maana lazima aulize.

"Anakuja," mama akasema. "Leo anatembea kwa miguu ya mama yake." Akaonyesha tumbo la iweto wake, na watu wakaguna.

Iweto akaanza. Alitembea polepole, mkono kiunoni, akataja jiwe, mti wa radi, kichuguu. Sauti yake haikutetemeka. Nilitembea nyuma kabisa, nimeuma mdomo wa chini. Juu kote baba mdogo hakupinga neno. Alikuwa anangoja kijito.

Tulipofika kwenye tuta la chini akasimama, akachomeka fimbo yake katikati ya nduma zetu.

"Mpaka ni hapa juu. Kutoka hapa kwenda kwa maji ni kwangu. Kama si kweli, nionyesheni mkonge."

"Mkonge uko ndani ya tuta," iweto akasema. "Udongo uliufunika."

"Ha! Mkonge ndani ya udongo. Hata mimi nina ng'ombe ndani ya udongo. Na mkiufukua, nitajuaje hamkuufukia jana?" Wanawe wakacheka. "Wazee, huyu ametoka Mbooni juzi. Anajua nini ya hapa?"

Mwenyekiti akamtazama iweto. Jasho lilikuwa likimtoka. Nilijua pa kuchimba. Nilijua kila shina lilipolala. Nilifungua mdomo, na mwenyekiti akainua kidole kuelekea kwangu bila kunitazama. Nikaufunga. Sijawahi kunyamaza kwa uchungu namna ile, wala kabla wala baadaye.

"Hili tuta," iweto akasema taratibu, "lilichimbwa na mwethya. Wale mama wako pale. Baba mdogo, siku hiyo ulikuwako?"

"Nilikuwako. Nilisaidia. Mimi si mtu wa kukaa bure."

"Ulipika?"

Akasita. "Kupika? Mimi?"

"Nauliza nyumba yako. Nyumba yako ilipika siku hiyo?"

Mahali fulani mama mmoja wa mwethya akavuta pumzi kwa nguvu.

"Mwenye shamba hupika," iweto akasema, sasa akimgeukia mwenyekiti. "Mwenye shamba hali. Yeye aliketi hapa kwenye tuta, akala, akaomba kuongezewa, akasifu chumvi. Mtu anakula chakula cha mwethya kwa shamba yake mwenyewe? Aliyepika ni mtoto wetu. Yuko pale. Ndiye alimpakulia."

Wale mama hawakuweza kuvumilia tena. "Alikula!" akapiga kelele mmoja. "Bakuli mbili!" akadakia mwingine, na vicheko vikapanda mlima mpaka kwa mama kwenye kiti chake, ambaye hakuona kitu ila alisikia, naye akapiga kigelegele bila kujua bado ni cha nini.

Mwenyekiti hakucheka. "Ulikula?" akamuuliza baba mdogo.

Baba mdogo aliitazama fimbo yake ndani ya nduma. Angeweza kusema hapana, lakini kijiji kizima kilikuwa kimemwona akilamba vidole.

"Nilikula kama ndugu," akasema.

"Ulikula kama mgeni," mwenyekiti akamjibu. "Toa fimbo."

Wapimaji wakaweka alama chini kabisa, kijitoni. Iweto hakuweza kuinama, kwa hiyo nilichuchumaa mimi nikapanda mkonge mpya alipoelekeza kwa kidole cha mguu.

Jioni hiyo desturi ilitaka kamati na watu walishwe, na wakalishwa palepale chini. Iweto alikuwa amepika muthokoi tangu asubuhi, kwenye yale mafiga aliyoyahamisha. Akapakua. Akampa mwenyekiti, akawapa wapimaji, akawapa akina mama. Akampelekea baba mdogo, naye akasema leo hana njaa, akaondoka na wanawe.

Kisha akajaza bakuli jingine, akaja nalo mpaka niliposimama, kando ya michungwa ya baba.

Akina mama wakaacha kutafuna. Kila mmoja alijua. Juu ya tuta lile mimi sikuwahi kula. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wake. Nilimtazama. Hakuwa na ushindi usoni. Alikuwa amechoka, miguu imevimba. Ningeweza kusema sina njaa, kama baba mdogo, na kila mtu angeelewa kwamba mwalimu ataenda Kitui huku moyo wake ukibaki hapa kupigania kijito.

Nikapokea bakuli, nikaketi chini, nikala.

"Chumvi iko?" akaniuliza.

"Iko, mama mdogo."

Nilimaliza, nikamrudishia bakuli, nikapanda juu kufunga sanduku langu.